Foleni ya Kumbusu Kirsten

Jumatatu, 6 Mei 2019

Nimeficha jambo. Denmark nzima inaamini mimi ni mzinzi mkubwa, na sijazini hata mara moja. Basi. Limeandikwa. Moyo bado unapiga, ingawa daktari ameshautabiria mabaya.

Nilikuwa mwalimu wa Kilatini hapa Roskilde. Mwaka wa sabini na mbili nikaanza kuandika sinema za watu wazima. Mume na mke wanaalikwa chakula kwa majirani, funguo za magari zinatiwa bakulini, kila mume anaokota ufunguo na kuondoka na mke wa mwenzake, asubuhi wote wanakunywa kahawa wakicheka. Kumbi zilijaa. Gazeti likaniuliza kama ninaandika niliyoyaishi. Nikatabasamu. Tabasamu lile limenilisha sifa mpaka leo. Funguo zetu siku zote zilining'inia msumarini, nyuma ya mlango.

Jumamosi mimi na Kirsten tunatimiza miaka sitini ya ndoa. Televisheni inataka kuja kurekodi. Binti yetu Birgitte, ambaye kwa miaka hajala mezani kwangu, amesema atakuja iwapo televisheni haitakuja. Mtu mwenye busara angechagua. Mimi nitawapata wote!

Jumanne, 7 Mei

Signe wa televisheni amekuja. Msichana mwenye miwani mikubwa. Amezitazama sinema zangu zote, jambo ambalo mimi mwenyewe sijalifanya. Akasema humo ndani hakuna anayeona wivu. Hakuna anayeosha vyombo. Hakuna mwenye mafua. Mke hukubali kabla hajaulizwa, mume ndiye huchagua kwanza, kisha wote huitwa watu huru. Je, kwetu pia ilikuwa hivyo?

Nikamjibu kwa Kilatini. Akaomba tafsiri. Nikakohoa.

Akauliza kama yuko shahidi aliye hai. Ulimi wangu, adui yangu wa siku zote, ukamtaja Villy.

Jumatano, 8 Mei

Villy ndiye aliyeigiza fundi bomba katika sinema zangu. Kila sinema ilikuwa na bomba bovu. Sasa ni mgane wa mtaa wa pili, ana miaka themanini na mbili, na nywele zote. Zote! Nikamwomba aseme mbele ya kamera kwamba zamani alikuwa hawara wa Kirsten kwa ridhaa yangu. Nilitegemea asite kidogo.

"Bwana mwalimu," akasema, "hiyo nafasi nimeingoja tangu sinema ya pili."

Sharti lake: akae karibu na Kirsten, na wimbo wa mezani, ule wa kutusifu maarusi, autunge yeye. Nilitaka kuutunga mwenyewe, kwa kuwa hakuna anayezijua sifa zangu kunishinda. Nikakubali kwa uchungu.

Kirsten alikuwa akimenya viazi. Nikamweleza mpango. Hakukasirika, na hilo liliniudhi. Alisema kama ni uongo tu, ningemtafutia angalau mwenye magoti mazima. Kisha akauliza kama Birgitte ameambiwa ukweli. Nikamwambia sanaa ina mambo yake. Akasema viazi navyo vina mambo yao, lakini humenywa.

Alhamisi, 9 Mei

Birgitte amepiga simu. Akanikumbusha ya shuleni. Wenzake walimwuliza baba yake hasa ni nani, wakamhesabia majirani mmoja mmoja. Nilikuwa nafundisha shule ileile. Niliwasikia. Sikusema kitu, maana sinema mpya ilikuwa inatoka wiki ile na maneno yalikuwa yakiitangaza bure.

"Baba, niambie tu," akasema. "Mama alipitishwa mikononi mwa watu?"

Neno moja lingetosha. Nikasema mambo ya enzi zile hayaelezeki kwa simu. Halafu akasema atakuja kwa ajili ya mama, atakaa saa moja, na akiona kamera hatamwona tena baba mpaka kwenye jeneza.

Nilikaa na simu mkononi. Moyo ukaruka kidogo. Nikameza kidonge, akili ikarudi. Signe ajifanye mpwa wa mwokaji mikate! Kamera ikae ndani ya boksi la keki! Mpango safi.

Ijumaa, 10 Mei

Signe amekataa boksi. Anasema ana maadili. Atakuja na kamera begani. Birgitte sijamwambia.

Jumamosi, 11 Mei

Alfajiri majirani wamefunga tao la matawi mabichi mlangoni kwetu, wakatuamsha kwa nyimbo, wakamaliza pombe yetu kali. Adhuhuri tukaingia ukumbi wa kanisa, tukiitwa tena bwana na bibi harusi. Birgitte akaja. Akaiona kamera. Mama yake akamshika mkono, akaketi, lakini koti hakulivua. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja treni.

Karatasi za wimbo zikagawiwa, wote tukaimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa Kilatini changu. Zilizobaki zote Kirsten: macho yake, kicheko chake, jinsi anavyoufunga mtandio. Villy aliimba akiwa ameushika mkono wake. Nilimwagiza aigize. Sikumwagiza aigize vizuri.

Sasa, hapa kwetu bwana harusi akitoka ukumbini, wanaume wote huinuka kwenda kumbusu bibi harusi. Ni desturi. Mimi mwenyewe nimepanga foleni hiyo katika harusi nyingi, busu la shavuni, kwa adabu. Nilichosahau kukipangia ni kibofu. Vidonge vya moyo hunipeleka chooni kama mtu mwenye miadi.

Supu ikaja. Nikajibana. Nyama ikaja. Nikakunja miguu. Villy akanimiminia bia, halafu akanimiminia tena, mwema kupita kiasi. Nikashindwa. Nikashika fimbo, nikatoka kwa mbio za konokono. Nyuma yangu nikasikia viti vikikwaruza sakafu. Vingi!

Niliporudi foleni ilikuwa imefika kwenye piano. Mwokaji, kinyozi, mchungaji wa kanisa. Mbele kabisa Villy, na haikuwa shavuni. Na Kirsten hakuonekana kuwa na haraka.

Sijui fimbo ilipandaje. Ilitua begani kwa Villy, kisha kwenye keki.

Birgitte akasimama. "Baba," akasema, "una wivu? Wewe?"

Kamera usoni mwangu. Sifa za maisha yangu yote zinasubiri jibu. Upande wa pili binti yangu, koti mwilini, hatua chache kutoka mlangoni. Nilitafuta Kilatini. Hakikuja.

"Huyu ni mke wangu," nikasema. "Sijamgawa kwa mtu. Hakukuwa na bakuli, hakukuwa na funguo. Yote niliyatunga jikoni, yeye akimenya viazi."

Birgitte akamtazama mama yake. Kirsten akaitikia kwa kichwa, huku akijifuta krimu.

Birgitte akavua koti.

Jumapili, 12 Mei

Birgitte amelala katika chumba chake cha zamani. Asubuhi wameosha vyombo na mama yake, wanacheka. Nadhani wananicheka mimi. Wacheke.

Signe amepiga simu, furaha tupu. Nikamweleza kwamba jana lilikuwa igizo, kwani mtunzi mzoefu hutunga hata hasira. Akasema masikio hayaigizi wekundu. Kisha akanialika Kopenhagen mwezi ujao, nizungumze mbele ya watu juu ya uhuru katika ndoa. Birgitte, aliyekuwa akisikiliza, amenitaka nikaseme ukweli. Nimesema bila shaka. Tayari nina mwanzo mzuri, kwa Kilatini.

Villy amemletea Kirsten maua. Bega limevimba, linahitaji kukandwa, na Kirsten anaona ni wajibu wetu. Nimesema naam, sisi ni watu huru. Halafu nimempigia Villy kumwomba anisindikize Kopenhagen. Simwachi nyuma!

Ukweli wenyewe nauandika hapa tu. Jana, baada ya ile fimbo, bia ziliendelea, na foleni ilikuwa bado haijaisha. Sikutoka tena ukumbini mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Suruali iko kwenye kamba.