Wajawazito Wote Waelekee Masuguru

Kamati ya Kuhuisha Huduma za Uzazi ina furaha kuwatangazia wananchi wa Handeni na Korogwe kwamba kujifungua kiholela kumekwisha. Chumba cha kujifungulia cha Kwaluguru kimefungwa, kitanda chake kimewekwa stoo ya ofisi, na huduma zote zimehamia Korogwe mjini, ambako zitakuwa karibu zaidi na Kamati.

Mwenyekiti wa Kamati ni mume wangu, Dunstan. Nasema kwa mamlaka.

Kwenye mkutano wa Kwaluguru, Nemayian, tumbo limeshashuka, alinyoosha mkono.

"Mzee, uchungu ukinishika huku nitaishia njiani, sokoni Segera. Nizalie kwenye vitunguu vya watu?"

"Mama, uchungu haumshiki aliyejipanga. Njoo mjini mapema, usubiri."

"Nisubirie wapi?"

Dunstan aligeukia mpiga picha, akatabasamu. "Kwangu ni kwenu."

Makofi. Tamko likapita bila kupingwa.

Jumatatu Nemayian aligonga geti letu la Masuguru, hapa Korogwe mjini, pamoja na mama mkwe wake, bibi Noonkipa, na kondoo. Kwa mila yao kondoo huchinjwa mtoto akishazaliwa, mzazi anywe supu na mafuta yake. Nilifungua. Tamko la kiongozi halirudishwi getini.

Wakafuata wa vijiji vingine, na kondoo wao. Kufikia Ijumaa sebule ilikuwa wodi, na maua yangu yalikuwa yameliwa kwa mujibu wa mpango.

Jioni Dunstan alimkuta bibi Noonkipa kitandani kwake.

"Shikamoo, bibi. Hiki ni chumba changu."

"Marahaba, mwanangu. Kwako si kwetu? Kalale na kondoo, hawakoromi."

Akanifuata jikoni, ananong'ona. "Mke wangu, waambie warudi kwao."

"Wakajifungulie wapi?"

"Si kuna chumba?"

"Kamati imekifunga."

"Basi Kamati itakaa ijadili."

"Ikae wapi? Viti vimejaa."

Ilikaa juu ya gunia la mkaa, mjumbe mmoja, akidi ikatimia.

Asubuhi gari la ofisi lilielekea Kwaluguru: Nemayian mbele na bibi Noonkipa, kondoo nyuma, na mwenyekiti amekumbatia kitanda cha kujifungulia kisidondoke. Nemayian amejifungua salama, mtoto wa kike, katika chumba kilekile. Kamati inautangazia umma kwamba kukifungua lilikuwa wazo lake tangu awali.

Wa vijiji vingine bado wako kwetu, wanasubiri vyumba vyao. Mwenyekiti analala na kondoo waliobaki.

Wamelalamika kwamba anakoroma.