Sponji Kisogoni

Jumatatu, tarehe 3

Nimepata kazi isiyohitaji kuongea. Hatimaye!

Kazi yenyewe: kulala. Shangazi ni mtafiti katika idara ya tiba ya mionzi hospitalini. Ana shahada zote hadi ya uzamivu, lakini bado yuko kwenye mkataba wa muda. Mama humtania wifi yake kwamba amesoma mpaka madarasa yakaisha, sasa anangoja yajengwe mengine.

Mgonjwa wa saratani ya kichwa akipigwa mionzi hatakiwi kusogea, maana mionzi itapiga pasipo na ugonjwa. Kwa hiyo hufungwa kitandani kwa barakoa ya plastiki inayoziba uso mzima. Wengi huhisi wamezikwa. Shangazi anataka barakoa ikatwe dirisha kubwa usoni, na kamera zake zimlinde mgonjwa: kichwa kikihama hata milimita moja, kengele inalia. Anahitaji watu wenye afya wa kulala chini ya kamera. Hakuna mionzi, ni mwanga tu. Mama aliuliza hilo mara tatu ndipo akakubali.

Plastiki ililainishwa kwenye maji moto, ikavutwa juu ya kichwa changu kama shuka mbichi, ikakauka kwa umbo langu. Nikalala. Sikutikisika hata kope. Miaka kumi na sita ya kuona haya imepata matumizi! Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili na mimi ni bubu kwa zote mbili.

Shangazi amenieleza kwamba Ijumaa Profesa, mkuu wa idara yao, atakuja kuona. Kamera zikifanya vizuri, mkataba unaongezwa. Zikishindwa, anahamia mji wa mbali, kuna chuo kimempa kazi ya kufundisha. Tunalala chumba kimoja. Ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kutokwa jasho. Asiondoke!

Nimeapa kuwa mlalaji bora katika historia ya sayansi.

Jumanne, tarehe 4

Nina mpinzani. Mwanafunzi wa uzamili, kipara kinachong'aa, hulala kama gogo. Basi nimempa jina hilo: Gogo. Kamera zinasema amesogea kidogo kuliko mimi. Akaniambia eti pole mdogo wangu, usivunjike moyo, kulala nako ni kipaji. Kipaji! Hata ng'ombe analala. Nilitaka kumjibu hivyo. Nikasema asante.

Nimechunguza tofauti yetu. Yeye hana nywele. Mimi nina rasta zilizofungwa fundo kisogoni, kubwa kama ngumi ya bondia. Fundo linanichoma, ndiyo maana natikisika. Jioni nimezifumua zote.

Mama alinisuka Jumapili nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Ameniuliza kama kichwa hiki kina kitu ndani au nimekibeba kama pambo. Nikamwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akasema vizuri sana, sayansi ndiyo itakayonisuka tena.

Jumatano, tarehe 5

Balaa.

Nimefunga kitambaa kuficha nywele zilizotimka. Barakoa ilipobanwa kitandani ikanicheza kichwani kama sufuria juu ya paka. Kengele! Kamera zikasema kichwa kiko milimita nne nje ya mahali pake. Shangazi hakunitazama mimi. Anishuku mimi, mlalaji wake hodari? Alizitazama kamera. Akasema zimepotoka, akashinda anazirekebisha, Gogo akimshikia tochi. Chakula chake kimepoa mezani, hakukigusa.

Nimeelewa nikiwa chooni. Barakoa ilifinyangwa juu ya fundo. Fundo halipo! Na hakuna aliyenikataza kufumua, maana wote waliolala pale kabla yangu walikuwa na nywele fupi au hawana kabisa.

Nikarudi ili niseme. Nikafungua mdomo. Gogo akageuka kunitazama. Nikapiga chafya ya uongo, nikakaa.

Mpango mpya: kurudisha fundo kimyakimya. Kusukwa upya haiwezekani, Mama hanisemeshi. Lakini jikoni kuna sponji ya kuoshea vyombo.

Mimi nina akili sana.

Alhamisi, tarehe 6

Sponji ndani ya kitambaa, kitambaa kisogoni. Barakoa ikashika! Kamera zikatulia. Shangazi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Gogo akanusa hewa akasema maabara leo inanukia usafi.

Halafu kichwa kikaanza kuzama. Taratibu, kama mgeni mnene kwenye kochi bovu. Sponji ilikuwa inanywea kwa uzito wangu. Kengele!

Shangazi alikaa chini. Akasema sasa ameujua ugonjwa: kamera zikipata joto zinahama kidogo kidogo, na hilo halitibiki kwa siku moja. Gogo alimwambia dada, usikate tamaa. Hata yeye hakutania.

Jioni nimemkuta Shangazi ametoa sanduku la nguo chini ya kitanda. Aliponiona akasema analifuta vumbi tu. Halikuwa na vumbi.

Nimelia kwenye mto. Bila kutikisika. Mazoea.

Ijumaa, tarehe 7

Niliamka nimeamua kusema. Nilifanya mazoezi bafuni kwa lugha zote mbili, mpaka Mama akagonga mlango kuuliza naongea na nani. Njiani nikajiambia haina haja, leo atalala Gogo. Sponji nilibeba kwa tahadhari tu. Mama alikuwa ameshaoshea vyombo vya asubuhi. Nikaikamua.

Profesa ni mama mfupi, viatu vyake hulia kabla hajaingia. Shangazi akamwelekeza Gogo kitandani. Profesa akakataa. Alitaka kumwona aliyezitia kamera wazimu.

Nikalala. Barakoa ikabanwa, sponji ikiwa tayari ndani ya kitambaa. Kichwa kikaanza safari yake ya chini. Kengele. Shangazi akaanza kueleza kwamba kamera zake zina kasoro, kwamba pengine wazo lenyewe lilikuwa bovu tangu mwanzo. Miaka miwili ya kazi yake! Anaitukana kwa mdomo wake mwenyewe, kwa ajili ya kifaa cha kuoshea sufuria!

Labda ni kwa sababu nilikuwa nimefungwa, sina pa kukimbilia. Nilipaza sauti nisiyoijua: "Kamera hazina kosa! Ni sponji!"

Tone moja la maji likaanguka sakafuni.

Profesa akaingiza vidole viwili kisogoni kwangu, akavuta. Ikatoka: ya kijani, imekonda, na punje ya wali. Akauliza kwa adabu kama hiki nacho ni kifaa cha utafiti. Gogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikasema yote. Rasta, fundo, kitambaa, jikoni. Profesa akaagiza sponji irudishwe, itolewe, irudishwe tena. Kila mara kamera ziliona. Akasema wagonjwa hunyonyoka nywele, hukonda, barakoa zikalegea, na yeye anataka kamera zinazogundua hilo kabla mionzi haijawashwa. Kumbe ndizo hizi. Kisha akamuuliza Shangazi imekuwaje miaka miwili hajamlaza mtu mwenye nywele. Shangazi akamtazama Gogo, akasema alitumia vichwa alivyokuwa navyo.

Mkataba umeongezwa!

Shangazi amenikumbatia, na katika kukumbatia huko huko akanifinya sikio. Lilistahili. Sanduku limerudi chini ya kitanda, nguo zake zimejaa kabati lote, hata upande wangu. Sijawahi kufurahia kubanwa namna hii. Nimehema kama mtu aliyevuliwa barakoa.

Jumapili, tarehe 9

Mama amenisuka tena, akivuta kila rasta kwa hasira ya sponji yake. Nimemwapia Shangazi: sifumui, sifungi kitambaa, sibebi kitu chochote cha jikoni mpaka utafiti uishe. Nimejifunza. Ukweli ukisemwa mapema, mtu halii kwenye mto. Nimekuwa mtu mzima sasa.

Jumatatu, tarehe 10

Barakoa mpya imefinyangwa leo. Fundo liko mahali pake. Kila kitu sawasawa. Shangazi aliimba akichemsha maji.

Ila ile ya kwanza ilikuwa inanibana mashavu, na Gogo bado anaongoza. Kwa hiyo plastiki ilipokuwa laini nilijaza hewa mashavuni. Kidogo tu! Ili kesho nilale kwa nafasi. Hakuna aliyegundua. Shangazi alisema hata uso wangu umenawiri kwa furaha.

Kesho Gogo atanikoma.