Nilivyopiga Hodi Nyumba ya Majini Ibra

Wanabaraza, leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mzee ninayemposa binti yake, kanzu imechanika mpaka kiunoni.

Nimesharudi Nizwa, nimejifungia chumbani na kompyuta. Mama yuko sebuleni anacheka. Kila nikidhani amekwisha, anaanza upya. Basi bora mlisikie kwangu mimi kabla halijakufikieni kwa mdomo wa mwengine.

Mnajua habari za Zuwena, yule mwalimu wa Ibra. (Nyote mnajua, nimewachosha naye humu mwaka mzima.) Leo Ijumaa ndiyo kwao walitualika chakula cha mchana, mimi na mama. Kwenda kutazamwa, kwa ufupi.

Baba yake, Mzee Khalfan, ni mtu wa maneno machache. Kazaliwa Unguja, kafanya biashara Bujumbura, na huku Oman ana duka la vifaa vya ujenzi. Anakutazama kama anavyotazama nondo: umenyooka au umepinda?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wafanya kazi wapi?"

"Firq, mzee. Vipuri vya magari."

"Mmh."

Basi! Hiyo "mmh" nimeigeuza kichwani safari nzima ya kurudi, na mpaka sasa sijui ni ndiyo au hapana.

Tukakaa mkekani wanaume, sinia la wali na nyama katikati. Wakaniambia bibi yao, mama yake Mzee Khalfan, anakaa Sur kwa mwanawe mwengine, na atafika alasiri kuja kunitazama. Nikasema ahlan wa sahlan. Hapo ndipo Hilal, kaka yake Zuwena, alipouliza, "Ushawahi kuiona nyumba yetu ya kale, kule hara ya zamani?"

Hara ya zamani, kwa asiyeijua, ni ule mtaa wa majumba ya udongo ya ghorofa, waliyojenga wazee wetu kwa fedha za karafuu. Siku hizi hakai mtu. Dari zimeanguka, milango imebaki. Pembeni yake ndipo makaburini.

Nikasema sijaiona. Hilal akashusha sauti.

"Aliyeijenga alikwenda Unguja, akamwacha mkewe wa kwanza. Akamwambia, nisubiri. Hakurudi. Yule mwanamke akakaa dirishani mpaka akafia pale pale. Majirani wanasema jua likiwa kali, watu wamelala, husikika sauti ya mwanamke mle ndani. Anaita."

"Anaita kwa Kiarabu?" nikauliza.

"Kwa Kiswahili. Alikuwa akijifunza ili mumewe akirudi amfurahishe."

Wallahi vinyweleo vilisimama. Lakini Mzee Khalfan alikuwa ananitazama. Nikacheka kicheko kikubwa cha kiume.

"Ya akhi, mimi nimelala Bahla, kwenye magofu ya majini, peke yangu. Majini hawanijui mimi?" (Tulikuwa watu wanane, taa ya karabai inawaka, na mimi nililala katikati.)

"Vizuri," akasema Mzee Khalfan, akanawa mikono. "Twende tukawaombee dua wazee makaburini. Halafu tutapita kwenye nyumba."

Tukaenda watatu: mzee, Hilal na mimi. Jua lile! Hakuna paka njiani. Hata nzi wamelala. Makaburi yenyewe hayana majina, jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Mzee Khalfan alifuata ukuta mpaka akafika alipopataka, akainua mikono. Nami nikainua. Halafu akanigeukia.

"Nassor. Tangulia ukautazame mlango kama unafunguka. Sisi tutakufuata."

Peke yangu?

Nikasema, "Inshallah, mzee." Ningesema nini?

Kutoka makaburini unakata kona, unaingia kichochoro. Kuta ndefu pande zote mbili, zimeegemeana juu kama zinanong'onezana. Makaburini nyuma yangu sisikii tena chochote. Nasikia viatu vyangu tu. Nikisimama, vinasimama. Nikitembea, vinatembea. (Ndiyo, najua ni vyangu. Pale sikuwa na hakika.)

Nikaufikia. Mlango mkubwa wa mbao, umechongwa maua, na ndani yake umekatwa kijimlango cha kupitia mtu mmoja. Kijimlango kimefungwa, komeo la chuma limeanguka kwa nje. Ubao mmoja umeoza, una tundu la kupita mkono, usawa wa kichwa changu. Juu yake dirisha lile. Jeusi.

Sasa mimi mama yangu kanilea kwa adabu. Siwezi kugusa mlango wa watu bila ya kupiga hodi. Hata nyumba isiyo na mtu. Mdomo ukatamka wenyewe.

"Hodi!"

Na ndani ikajibu sauti ya mwanamke.

"Karibu. Umechelewa. Nimekungoja mpaka nimechoka."

Jamani.

Nilitaka kukimbia, nakuapieni, lakini mzee atakuja kuniuliza habari za mlango. Sauti ilikuwa ya zamani, kavu, inatoka mbali.

"Mbona kimya? Fungua."

Nikakumbuka tuliyofundishwa madrasa: ukikutana nao, soma Ayatul Kursiy. Naijua tangu nina miaka sita! Nikafumba macho, nikasoma kwa sauti, kwa nguvu, mpaka mwisho.

Halafu ndani: "Hiyo ni dua ya kula, mwanangu. Wataka kunila?"

Ndiyo. Nilisoma dua ya kula. Ulimi uliteleza kwenye wali wa mchana.

Nikajikaza. Nikasema, "Wewe ni nani? Muislamu au kafiri?"

"Kafiri mwenyewe! Mtoto wa nani wewe?"

(Usimtajie jini jina la baba yako. Hilo nalikumbuka.) "Sikwambii! Umekaa humu tangu lini?"

"Humu ndimo nilimozaliwa."

Nikainua mkono, nikanguruma kama nilivyowaona mashekhe, "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu, toka!"

"Si ndiyo ninalolitaka! Ningaliweza kutoka mwenyewe, ningalibishana nawe?"

Na hapo, kwenye lile tundu la ubao, ukatoka mkono.

Mkono mkavu. Una hina kwenye vidole. Una bangili ya fedha, nzito, zile za kale. Ukapapasa hewani, huku na huku, ukitafuta. Ukaniparamia kichwani, ukaikwapua kofia yangu, ukarudi nayo ndani.

"Hii nini tena?" ikasema sauti.

Nikageuka nikimbie, na nikashikwa! Kutoka nyuma! Kanzu imevutwa, naenda siendi. Nikapiga ukelele. Sikumwita Mungu, sikumwita baba. Nilisema, "MAMAAA!" Nikajivuta kwa nguvu zangu zote, kitambaa kikalia kraaa, nikatoka mle kichochoroni kama risasi.

Makaburini Mzee Khalfan ndiyo kwanza anajifuta uso baada ya dua. Akaniona natokea: kichwa wazi, kiatu kimoja, nyuma kanzu imefunguka kama pazia, shuka ya ndani yapepea.

"Jini!" nikasema. "Mzee, limenishika! Limechukua kofia!"

Hilal akaokota jiwe. (Namshukuru kwa hilo. Angalau mmoja aliniamini.) Mzee Khalfan hakutikisika.

"Limesema nini?"

"Limesema limezaliwa mle ndani. Na kwamba limenisubiri sana."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili, mzee. Cha Unguja. Safi kabisa, hata mimi sikiwezi."

Uso wa mzee ukabadilika. Akanitazama, akautazama mtaa, akaanza kutembea. Halafu akatembea haraka. Halafu, wanabaraza, Mzee Khalfan akakimbia, na umri wake, kanzu kaikamata mkononi. Nikasema khalas, hata yeye kaogopa, ila anakimbilia upande usio sawa.

Tulimkuta mlangoni. Kwenye msumari wa mlango kinaning'inia kipande kikubwa cha kanzu yangu. Ndiye aliyenishika, msumari. Mzee kaegemeza sikio kwenye ubao.

"Mama?"

"Khalfan! Niondolee komeo hili, mwanangu. Nilimwambia nduguyo Amur nataka kuitazama nyumba yetu kwanza, kaniacha hapa kaenda kuziba tairi. Upepo ukaubamiza mlango. Na kuna kijana mwendawazimu hapo nje, usimkaribie, kanisomea dua ya kula."

Mzee Khalfan akaliinua komeo kwa kidole kimoja. Kidole! Kimoja!

Akatoka bibi mdogo, hafiki begani kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, midomo imekauka kwa kiu, kofia yangu mkononi. Hilal akaliachia jiwe polepole, nyuma ya mgongo. Bibi akatutazama mmoja mmoja mpaka akafika kwangu.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama," akasema Mzee Khalfan, sauti ya chini. "Huyu ndiye aliyekuja kumposa Zuwena."

Mimi nimeshikilia kanzu nyuma kwa mikono miwili. Nikasema nililofundishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanipa kofia yangu. "Mimi Muislamu, kama bado wataka kujua."

Nikavishwa shuka ya Hilal, ile ya begani. Tukarudi nyumbani kwa miguu, bibi mbele kashikwa mkono na mwanawe, mimi wa mwisho, kama mtu anayepelekwa polisi. Nyumbani bibi kanywa maji, kapumzika, halafu kawahadithia wanawake wote, pamoja na mama yangu, pamoja na Zuwena, neno kwa neno. Sauti yangu anaiiga vizuri mno. Ile "MAMAAA" niliisikia kupitia ukuta.

Mzee Khalfan alitusindikiza mpaka garini. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Endesha taratibu," akafunga mlango wa gari.

Sasa hivi Zuwena kaniletea ujumbe kwenye simu: "Baba kajifungia chumbani. Tulidhani kakasirika, kumbe anacheka peke yake. Mama analia kwa furaha, hajamsikia akicheka hivi tangu Bujumbura. Bibi anauliza harusi lini."

Basi, mwenye kutaka kucheka acheke leo, amalize. Harusini sitaki kuona jino la mtu.