Ngurumo ya Nyakabanda na Madumu Mawili ya Posa

Jongeeni, enyi wenye masikio mawili na hata wenye nusu sikio. Zimeni redio, shusheni vikombe, mfungeni kamba mbuzi asiye na adabu, kwani nitawahadithia vita kuu iliyopiganwa likizo ya mwaka wa tisini na moja kati ya kilima kimoja na baiskeli moja, ndoa ya watu wawili ikining'inia katikati.

Palikuwa na shujaa mtaani Nyakabanda, jina lake Aimable, mwenzangu wa bweni, Mvunja Redio, Mfungua Saa Zisizofungika Tena. Huyu alipewa na mkulima mmoja wa kabichi bondeni Nyabugogo injini ya pampu iliyokwishakata roho, akaifufua kwa wembe, sabuni na matusi. Akaifunga kwenye baiskeli ya marehemu babu yake, akakata mkanda katika mpira wa ndani wa tairi la lori, akatundika kopo la maziwa ya unga liwe tangi la petroli, na mnyama huyo akampa jina Ngurumo. Kasoro yake ilikuwa moja, tena ndogo: hakuwa na swichi ya kuzimia. Aliyetaka kumnyamazisha ilimpasa ang'oe waya wa plagi kwa mkono, na waya ule uliuma kuliko siafu, jambo ambalo vidole vyangu viwili vinaweza kulitolea ushahidi.

"Ondoa uchafu huo uani kwangu," alisema kila asubuhi shangazi yake, Pudentienne.

Ikawadia Jumamosi ya posa. Mutsinzi, kaka yake Aimable, alikuwa akimposa Belyse wa Gitega, mtaa wa ng'ambo ya kilima. Wazee wetu, waliokuwa wamenoa hotuba juma zima, walijipakia katika pikapu ya kukodi wakaondoka kwa nyimbo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amepakia pombe. Pikapu ikawashusha, ikaenda zake kubeba harusi ya watu wengine. Ndipo shangazi, aliyebaki kufunga milango, alipoyakuta jikoni madumu mawili ya pombe ya ndizi, yamezibwa kwa majani ya mgomba, yametulia kama wageni waliosahauliwa.

"Yesu na Maria! Wamekwenda kuomba binti mikono mitupu!"

Nanyi mwajua desturi: wakwe hawatoi jibu kabla pombe haijaonjwa. Akamgeukia Aimable, sauti imelainika ghafla.

"Mwanangu, huyo mdudu wako anaweza kupanda mlima?"

"Shangazi, jana ulimwita uchafu."

"Jana sikuwa na shida. Washa!"

Na huko Gitega, kama tulivyosimuliwa baadaye, vita vya maneno vilikuwa vimepamba moto. Msemaji wa upande wa binti, Mzee Zephaniah, mwenye masharubu mapana kama ufagio, alikuwa ametamka hukumu yake: "Masikio yetu yameshiba, koo zetu zina njaa. Jua likigusa paa lile la bati kabla hatujaonja kitu, tunakunja mikeka, na ninyi mtarudi baada ya mavuno ya mtama."

"Mzee wangu," akajibu msemaji wetu, Mzee Évode, jasho likimtiririka, "nitanyamazaje, nami bado sijamfikia babu yako wa nne?" Akawasifu mababu wa Zephaniah mmoja baada ya mwingine, walipokwisha, akawasifu ng'ombe wao. Mutsinzi alikuwa akilitazama paa. Belyse akachungulia kutoka chumba cha ndani, akanong'ona, "Sasa amefika kwa nani?"

"Kwa mbwa," akajibiwa.

Sisi wawili, Aimable na mimi, tulikuwa bado kilimani. Ngurumo alinguruma hata madirisha yakatetemeka, akatoa moshi wa kutosha kufukuza mbu wa mtaa mzima, akasonga mbele kwa mwendo wa heshima. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani alitupita akatupa pole ya safari. Watoto wakapiga kelele: "Eh! Hii pikipiki iko na mimba! Iko inalia tu, haitembei!"

"Chekeni, enyi taifa la miguu!" Aimable akawahutubia, madumu yakicheza nyuma yake. "Wajukuu zenu watapanga mstari waguse tairi hili!"

Kisha kilima kikageuka kuwa mteremko, na heshima ikatuponyoka. Breki zikalia, zikanuka, zikajiuzulu. Aimable akaburuta kandambili zake chini hadi zikabaki kamba, akapenya lango la wakwe, akawatawanya kuku, akaanza kuizunguka mikeka mduara kwa mduara, maana petroli ilikuwa bado imo na hakuna aliyethubutu kuugusa waya.

"Huyu anatafuta nini?" akanguruma Zephaniah.

Évode, aliyekuwa amefika kwa kuku wa ukoo, hakupoteza hata pumzi. "Ni ng'ombe wetu, mzee! Tazama pembe zake! Ng'ombe wa nasaba hulizunguka zizi kabla ya kulala!"

Wakati huohuo dumu moja, lililosukwasukwa tangu Nyakabanda, likatema jani lake kwa kishindo. Povu likaruka juu, likamtwanga Zephaniah usoni. Lililobaki likamwagikia plagi. Ngurumo akakohoa, akapiga goti mbele ya mikeka, akanyamaza.

Jua lilikuwa kwenye ukingo wa bati. Ulimi wa Zephaniah ukatoka taratibu, ukapita juu ya masharubu kutoka kushoto hadi kulia.

"Umeonja?" akauliza Évode.

"Masharubu ndiyo yameonja."

"Masharubu ni ya nani?"

Mzee akafikiri, akatazama dumu la pili, lililokuwa bado zima. "Ni yangu," akakiri. "Binti tumewapa. Lakini ng'ombe huyo asilale kwangu!"

Vigelegele vikapasuka, Mutsinzi akakaa chini bila kutafuta kiti, na shangazi, alipowasili kwa miguu, akamfuta Ngurumo matope kwa ncha ya kitenge chake cha sherehe.

Basi andikeni, enyi watunza historia, kwa wino usiofutika: siku hiyo mtu alitoka Nyakabanda akafika Gitega kwa nguvu za injini peke yake, bila msaada wa kiumbe yeyote. Mimi ni shahidi. Kilima chote nilikuwa nyuma yake, mikono yangu miwili juu ya madumu, nikisukuma.