Uzinduzi wa Boila la Bibi Genowefa

(Uani kwa Bibi Genowefa Sikora, kijijini Kalina Dolna, kwenye milima ya kusini mwa Poland, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Krismasi. Theluji imefika magotini. Anayehutubia ni Mheshimiwa Walenty Brzoza, Meya wa Tarafa, mwenye kofia ya manyoya kichwani na bendeji nene mkono wa kulia. Nyuma yake, mlangoni pa chumba cha chini, kuna kitu kimesimama kimefunikwa kitambaa chekundu na cheupe.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika ila ametuma salamu. Mheshimiwa Makamu wa Mwakilishi, ambaye hakuweza hata kutuma salamu. Paroko wetu mpendwa Alojzy, pamoja na ndoo yako ya maji ya baraka. Kamanda Bogna na kikosi chako cha zimamoto cha kujitolea, na tarumbeta zenu. Katibu wangu mchapakazi Seweryn, uliyeshika mikasi. Waheshimiwa madiwani, mliopo hapa na mlioko garini mkiota hita. Bibi Genowefa Sikora, mwenye nyumba, mnufaika wa kwanza wa mradi huu na, hadi dakika hii, mnufaika pekee. Wazee, kina mama, vijana, na wewe mbwa unayebweka: itifaki yetu ni ndefu kuliko mchana wa Desemba, kwa hiyo ambaye sijamtaja ajitaje kimoyomoyo, nami nitakuwa nimemtambua. (Makofi ya glavu. Hayasikiki.)

Kabla sijazama kwenye kiini cha mada, naona mnatazama bendeji hii. Ondoeni shaka. Ni jeraha la kazi. Kiongozi anayejitoa kwa ajili ya wananchi wake hana budi kuungua kidogo, yaani kuumia kidogo, ndiyo gharama ya uongozi. Hotuba hii yenyewe niliiandika wikendi iliyopita kwenye kibanda changu cha uvuvi kule ziwani, katika mazingira tulivu, rafiki na wezeshi, nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi kwa ajili yenu. (Minong'ono. Sauti kutoka nyuma: "Mikono mifupi, Desemba hii? Makubwa!")

Ndugu wananchi, Projekti ya Joto Endelevu kwa Kila Kaya haikuota kama uyoga. Ilitanguliwa na upembuzi yakinifu, upembuzi ukafuatwa na warsha, warsha ikazaa kamati, na kamati, kwa kutambua kwamba huwezi kuliongelea joto usilolijua, ikafanya ziara ya mafunzo katika pwani ya kusini mwa Hispania, ambako mimi na wajumbe wenzangu tulilichunguza joto kwa ukaribu mkubwa, mchana kutwa, bila kujali usalama wa ngozi zetu. (Sauti: "Poleni!" Vicheko.) Asanteni. Wengine tulibabuka mabega.

Tuliporudi tulikuta nini hapa Kalina Dolna? Tulikuta moshi. Tulikuta majiko ya makaa ya mawe, majiko ya kizamani, majiko ya aibu, na la aibu kuliko yote lilikuwa humu ndani kwa Bibi Genowefa. Chuma kizee, cheusi, kinachokohoa! Nikasema hapana. Nikasema, kwa mujibu wa masharti ya mradi, jiko la zamani litoke kwanza, ndipo jipya liingie. Na mwezi Oktoba lilitoka, bendi ikipiga, mimi mwenyewe nikilisindikiza hadi kwenye lori la shemeji yangu, likapelekwa kuyeyushwa.

(Bibi Genowefa anasogea mbele. Amevaa koti la marehemu mumewe juu ya koti lake mwenyewe, na mitandio miwili.)

"Samahani, Mheshimiwa. Jiko langu lilikuwa halikohoi. Ignacy wangu alilihudumia maisha yake yote. Mpaka kishikio cha mlango wake alikifua yeye, kutokana na kiatu cha chuma cha farasi wetu."

Naam, Bibi yetu, tunaheshimu historia, na ndiyo maana tuliipakia kwenye lori kwa uangalifu.

"Mimi historia siitaki, mwanangu, nataka moto! Toka Oktoba nalala jikoni na kuku. Meno yangu ya bandia asubuhi nayachokonoa kwenye barafu kwa uma. Na mwanangu Gustaw amenipigia simu kutoka mjini. Kasema nyumba isipopata joto kabla ya Krismasi, anakuja na gari ananipeleka nyumba ya wazee. Sitaki kwenda! Nitazikwa na watu nisiowajua majina, na mume wangu yuko hapa, nyuma ya kanisa. Sasa nikuulize kitu kimoja tu: leo moto unawaka, hauwaki?"

(Mtu anasema: "Usitupe mbachao kwa msala upitao. Tulimwambia.")

Swali zuri sana. Swali la msingi. Nilipokee, nilipongeze, na nilijibu kwa mapana yake, kwa takwimu, maana takwimu hazina hisia wala hazisikii baridi. Tangu serikali yangu ilipoingilia kati, moshi unaotoka kwenye bomba la nyumba ya Bibi Genowefa umepungua kwa asilimia mia moja. Asilimia mia! Matumizi ya makaa: sifuri. Majivu: sifuri. Ripoti yetu ya usafi wa hewa imeitaja nyumba hii kuwa safi kuliko zote katika mkoa, na wataalamu kutoka mji mkuu wamenipigia simu kuuliza tumefanyaje. Nikawaambia: ni utashi wa kisiasa. (Kamanda Bogna: "Kwa hesabu hiyo, hata makaburini moshi ni sifuri!" Vicheko vingi.)

Kamanda, tuheshimiane. Sasa niliseme boila lenyewe. Ni boila la gesi la kizazi kipya, la kupasha nyumba nzima joto, lenye sistimu ya kujiongoza, linaloweza kuzungumza na simu ya mkononi. (Bibi Genowefa: "Lizungumze na Gustaw basi!") Ufanisi wake, na hapa naomba mkae vizuri, ni asilimia mia moja na tisa. (Sauti: "Hizo tisa za juu zinatoka wapi?") Zinatoka ofisini kwangu. Ni nyongeza ya menejimenti.

Wapo wapotoshaji wanaosema bomba la gesi halijafika Kalina Dolna. Jamani! Bomba linakuja. Limekwisha kufika wilaya ya jirani, na nina taarifa za uhakika kwamba limeelekea upande wetu. Subira huvuta heri. Kuna watu wanaotaka boila, gesi na joto, vyote kwa pamoja, kama watoto dukani. Mradi huenda kwa fezi. Fezi ya kwanza ni kuondoa jiko, imekamilika. Fezi ya pili ni uzinduzi, ndiyo hii. Joto liko fezi ya tano, na mimi si mtu wa kuruka namba.

Nimkaribishe Paroko Alojzy kwa ajili ya baraka. Hapa kwetu hata baiskeli haiendeshwi kabla ya kunyunyiziwa, sembuse boila.

(Paroko anachovya brashi ya baraka ndooni. Ko! Anachovya tena. Ko! Maji yameganda. "Mheshimiwa," anasema, "naweza kulibariki kwa kulirushia jiwe?" Watu wanashika mbavu.)

Tuendelee, Paroko, Mungu ameiona nia. Sasa tukate utepe. Katibu Seweryn, mikasi! Kila kiongozi mkasi wake, na atakayekosa mkasi amshike kiwiko mwenye mkasi, ili pasiwe na manung'uniko kama siku ile tulipozindua daraja. Haya. Moja, mbili... Mkasi huu umetengenezwa kwa ajili ya vidole vya nani? Hauingii. Seweryn, nifungulie hii bendeji. Fungua tu, kidonda kimekauka. Moja, mbili, tatu! (Utepe unakatwa. Kitambaa kinavutwa. Linaonekana sanduku jeupe linalong'aa. Watu wanasema: "Loo!" Upepo unavuma kidogo, na boila linaanguka kifudifudi bila kishindo. Kutoka ndani anachomoka paka wa Bibi Genowefa, anajinyoosha, anaondoka zake. Ndani hamna kingine.)

Mmeona wenyewe. Wepesi! Jiko la zamani lilihitaji wanaume wanne, hili Katibu analiinua kwa mkono mmoja. Linyanyue, Seweryn. Usicheke, linyanyue. Hii inaitwa teknolojia nyepesi, na paka ni shahidi kwamba ndani mna nafasi ya kutosha kwa upanuzi wa baadaye...

(Bibi Genowefa haliangalii boila. Anamwendea Meya, anamshika mkono wa kulia, anaugeuza kiganja juu. Katikati ya kiganja pana alama nyekundu ya kuungua, imepinda kama upinde, ncha zake mbili zikielekea kwenye vidole.)

"Bogna, njoo uone! Wewe si umekula supu kwangu tangu utoto?"

(Kamanda Bogna anachungulia. "Kiatu cha farasi! Bibi, si hata mimi nilikuwa nayo hiyo, nilipokuwa darasa la tatu!")

"Kila mgeni aliyeshika mlango wa jiko langu bila soksi ya kushikia aliondoka na alama hiyo," anasema Bibi Genowefa. "Hata Paroko anayo. Mheshimiwa, kwangu hujawahi kuja kula supu. Na jiko uliniambia limeyeyushwa. Umelishikia wapi?"

(Paroko Alojzy anavua glavu, anainua kiganja chake juu, watu wote wakione.)

Ndugu wananchi. Muda si rafiki. Niombe sasa niingie moja kwa moja kwenye shukrani. Kwanza nilishukuru duka la vifaa la mjini, kwa kutuazima hili ganda la maonyesho, ambalo naomba lisikwaruzwe maana linarudi leo jioni. (Sauti: "Ganda!") Pili niishukuru kamati, ambayo, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake na ndani ya Hispania, haikubakiza fungu la kununua boila lenyewe. Tatu nimshukuru shemeji yangu, ambaye, akiongozwa na uchungu wa mali ya umma, hakuona busara kuyeyusha jiko zima kabisa, linalowaka vizuri, lisilokohoa... (Bibi Genowefa: "Nilisemaje!") ...lisilokohoa, nakiri, akalihamishia kwa muda katika eneo la majaribio.

(Kamanda Bogna: "Eneo la majaribio ni wapi, Mheshimiwa?")

Ni eneo maalumu.

("Lina ziwa?")

Lina... ziwa lipo karibu, ndiyo. (Vishindo, mbinja. Sauti: "Mikono mifupi!" "Njia ya mwongo fupi!" Mtu anarusha donge la theluji, linaondoka na kofia ya manyoya.) Tuwe watulivu! Tusiharibu taswira ya tarafa! Semeni nami: Kalina Dolna! Kalina Dolna oyee! ... Joto kwa kila kaya! ... Naomba mwitikie. Kamanda Bogna, mbona bendi inapanda gari la zimamoto? Hakuna moto!

("Upo," anajibu Kamanda Bogna. "Uko kibandani kwako, tunaufuata. Bibi, kaa mbele na dereva, kuna joto.")

Hilo ni eneo binafsi! Paroko, nawe?

("Mimi lazima niwepo," anasema Paroko akipandisha kanzu yake apate kukwea. "Jiko likitoka kule litahitaji kubarikiwa upya. Maji yatayeyukia njiani.")

Seweryn! Rudi hapa, Seweryn, wewe ni mtumishi wa... Rudisha basi mkasi! Wananchi, hotuba haijaisha, bado nina kurasa za mafanikio! Angalau sikilizeni ushauri wa kitaalamu: ule mlango msiuguse, mtaungua!

(Gari limeshaanza kuondoka. Kioo cha mbele kinashushwa, na mkono wa Bibi Genowefa unatoka nje ukipunga soksi moja nene ya sufu, iliyoungua kisiginoni.)

"Usihofu, mwanangu! Mlango nitafungua mimi. Soksi yake ninayo."