Katiba Niliyoibeba Ofisi ya Pasi

Wenzangu wa Muscat, leo nimeumbuka. Na nimeumbuka mbele ya watu wa Ibra, ambao hawasahau kitu.

Mdogo wangu Hamed, aliyezaliwa Tabora kama mimi, alikuja kwa ruhusa ya miezi mitatu. Inakwisha kesho. Asipokubaliwa uraia leo, anarudishwa, na huko hana pa kufikia: nyumba ya baba tumeshaiuza.

Ami Saidi, ndugu yake marehemu baba, alitoka Al Kamil alfajiri na barua ya sheikh wa kabila mfukoni, tayari kushuhudia kwamba Hamed ni damu ya hapa. Nikamwambia, "Ami, wewe kaa garini. Hili ni jambo la sheria." (Mwenye diploma katika ukoo huu ni mimi. Gari nimeinunua kwa jasho langu. Hayo pia nilimwambia.)

"Garini kuna joto, mwanangu."

"Teremsha kioo, Ami."

Ndani ya ofisi ya pasi tulimkuta afisa kijana, mzaliwa wa Unguja, mwenye upole wa kutisha. "Nani anamshuhudia huyu?"

"Hahitaji shahidi," nikasema. "Uraia ni haki ya kuzaliwa. Imo katika katiba."

Nikatoa kitabu changu cha katiba, cha tangu chuoni, nikakibwaga mezani. Foleni nzima ikageuka kututazama. Nilifurahia kutazamwa kule.

Afisa akafungua pale nilipopiga mstari wa wino mwekundu. Akasoma taratibu: aliyezaliwa katika nchi hii ni raia wake tangu kuzaliwa. Kisha akakigeuza, akatazama jalada.

"Ustadhi, nchi gani hii?"

"Ya kule tulikotoka. Lakini msingi ni ule ule."

"Hamed kazaliwa wapi?"

"Tabora."

"Basi hongera zake. Kwa katiba yako ana nchi tayari. Akapande ndege." Akalifunga faili la Hamed. "Na wewe je, kwenu wapi?"

Hamed akanijibia. "Tabora vilevile." (Ndugu wa damu huyo.)

Afisa akaenda kabatini, akarudi na faili langu. Miaka kumi nimewaambia nyinyi kwamba uraia nilipewa kwa diploma. Diploma haikuwamo. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na alama ya dole gumba, na chini yake jina la shahidi: Saidi, ami yake.

"Mzee huyu yu hai?"

"Yuko garini."

"Garini? Na jua hili?"

Hamed alikwisha toka mbio. Ami akaingia na bakora yake, kanzu yake ya dishidasha imelowa. Afisa akasimama, akambusu kichwa. Ami akatoa barua, akamtaja baba, akamtaja babu, akaitaja zamu ya maji katika falaji, mfereji wa kijiji, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la babu. Wazee wawili wa Al Kamil waliokuwa kwenye foleni wakaitikia, "Wallahi, zamu hiyo twaijua." Muhuri ukagongwa kwenye faili la Hamed.

Afisa akaninyooshea kalamu. "Na huyu, ami, wamjua?"

Ami akanitazama. Akajifuta jasho. Akanitazama tena. Faili langu bado liko wazi mezani.

"Sura ni ya kwetu," akasema. "Kiburi sijui kakitoa wapi. Hicho kiandikeni Tabora."

Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Muscat. Waliocheka hapa wamenitosha. Nawaandikia garini, kivulini, tunamngoja Hamed anunue maji. Ami amekaa mbele, anajipepea kwa katiba yangu, na sijathubutu kumwomba anirudishie.