Chanzo cha Umeme wa Mwenyekiti

Mwaka 1995, Kamati ya Kuupokea Umeme wa Maporomoko ya Rusumo iliwatangazia wananchi wote wa Ngara kwamba kazi imekamilika kwa asilimia tisini. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu: kujenga mtambo.

Mwenyekiti wake, Bwana Laurian, hakupenda pupa. Ndiyo maana moyo ulimpasuka pale karani wake, Koleta, alipomweleza kwamba kambini kuna mkimbizi anawasha taa kwa maji.

Mwenyekiti alishuka mtoni mwenyewe, faili kwapani. Akakuta gurudumu la baiskeli limefungwa makopo ya mafuta ya msaada, kijito kinalizungusha.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndikuriyo, mwenye gurudumu.

"Marahaba. Nani kakuruhusu?"

"Maji, mzee. Yanaanguka, yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha dainamo. Mle ndani sumaku ikizunguka penye waya, umeme unatoka. Kwetu Burundi nilikuwa fundi wa mtambo. Taa hii ni ya hema la wazazi. Mkunga alikuwa anatumia kibatari."

"Kamati imeupokea umeme miaka kumi bila kutoa hata cheche," Laurian alisema kwa uchungu, "wewe wa juzi unatoa bila kibali?"

Gurudumu, dainamo na taa vikakamatwa kwa uchunguzi. Mkunga akarudia kibatari.

Wiki hiyohiyo barua ikafika: mgeni rasmi anakuja kuikagua ile asilimia tisini. Laurian akamwita Ndikuriyo mbio.

"Mashine yako haiwaki ofisini."

"Ofisini kuna mto, mzee?"

"Hakuna."

"Basi atafutwe wa kusukuma."

Kwa kuwa jambo lilikuwa la siri, msukumaji hakuweza kuwa mwingine. Mgeni rasmi alihutubia saa mbili chini ya taa iliyotundikwa ukutani. Nyuma ya pazia, Mwenyekiti alizungusha gurudumu kwa mikono miwili, tai begani. Kila alipochoka, taa ilififia.

"Maji yamepungua?" mgeni aliuliza.

"Kidogo, mheshimiwa," alijibu Koleta. "Ni kiangazi."

Pazia likakohoa, taa ikawaka.

Mgeni alifurahi mno. "Nasikia akina mama wanajifungua gizani. Mtambo huu uhamishiwe kwao leo, pamoja na chanzo chake, na usisimame mpaka ule mkubwa ukamilike!"

Makofi yakapigwa. Koleta akafungua pazia kwa heshima zote. Chanzo kilikuwa kimeketi sakafuni, kinahema, hakina pumzi ya kukata rufaa.

"Twende, mzee," alisema Ndikuriyo, akimshika mkono. "Kuna mama ameshaanza uchungu."